Myombekere Alipokwenda Ukweni

Mtaani kwetu hapa Mwanza, mwanamke akifika umri wangu jina lake linapotea. Anakuwa Mama Neema, Mama Baraka, Mama Junia. Mwenye duka anajua deni la Mama Baraka mpaka shilingi, lakini muulize jina lake la kuzaliwa, atakuna kichwa. Mimi bado naitwa kwa jina langu. Nina miaka 41, ndoa yetu ina miaka 13, na wanaoniita hivyo wananiita kwa heshima kabisa. Hata hivyo kila nikiitwa kuna kitu nakisikia ambacho aliyeniita hakukitamka.

Nimeanza na hilo kwa sababu nataka kuzungumzia riwaya moja ya zamani, na sitaweza kuizungumzia kama mwalimu wa fasihi. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, ya Aniceti Kitereza. Hilo lote ni jina la kitabu kimoja, chenye juzuu mbili nene. Nilikopeshwa na jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye amezifunika juzuu zote mbili kwa karatasi ya kaki kama madaftari ya darasa la tatu. Alinipa ya kwanza peke yake. "Ukiimaliza hii ndiyo uje uchukue ya pili," akaniambia. "Wengi hawarudi."

Mimi nilirudi, ila nilichukua karibu mwaka mzima.

Nilikulia kwenye nyumba yenye vitabu vichache vilivyosomwa mpaka vikaachia gundi. Baba alikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, na jioni akiwa na furaha alikuwa akimwigiza Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake: anakaa kimya, anatutazama mmoja mmoja, kisha anatangaza nani kala sukari. Mpaka leo siwezi kumsoma Bwana Msa bila kuisikia sauti ya baba. Kidato cha tatu nikakutana na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa shuleni, kisha kikaja kuwa kitabu cha kusoma darasani, na sisi tulikisoma kwa ajili ya mtihani. Taja dhamira. Eleza nafasi ya mwanamke. Jadili matumizi ya tamathali. Nilijibu vizuri na nikapata alama nzuri. Lakini kilichonikaa moyoni hakikuulizwa kwenye mtihani wowote: ni Zakaria, baba mlevi, anavyompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Baba yangu hakuwa mlevi wala hakunyanyua mkono. Ila usiku ule nilipofika hapo niliitoa barua niliyokuwa nimeificha ndani ya daftari la jiografia, nikaichanachana, nikaenda kuitupa chooni. Aliyeiandika hakuwahi kujua kwamba Rosa ndiye aliyemharibia.

Rosa anatoka Namagondo, Ukerewe. Ndiko alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe, mwaka 1944. Wakati ule Ukerewe kwangu ilikuwa rangi tu kwenye ramani ya Ziwa Victoria, kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Sikujua kwamba nitakuja kuolewa na kijana wa huko, nipande feri kwenda Nansio nikiwa bibi harusi, nitapike njia nzima. Wala sikujua kwamba kisiwa hicho kimoja kimetuzalia Kezilahabi, kimetuzalia Gabriel Ruhumbika, na kabla yao wote kilimzaa Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Mapadri walimsomesha mpaka seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akatoka huko na Kilatini kichwani. Mtu wa elimu hiyo angeweza kuandika kwa lugha ya wakubwa wa siku zile. Yeye aliandika Kikerewe. Aliona maneno ya wazee na desturi zao vinakwenda na wazee wenyewe makaburini, akataka viwe na mahali pa kukaa. Mwaka 1945 kitabu kilikuwa kimekwisha, na hakuna aliyekichapa. Nani achape riwaya kubwa namna ile kwa lugha ya kisiwa? Vita ikaisha, uhuru ukaja, Azimio likaja, na maandishi bado yapo tu. Alipokwisha kuwa mzee akakaa chini akakitafsiri chote kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ndiyo iliyokitoa, kikiwa na tarehe ya 1980. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, kabla nakala haijamfikia mkononi.

Miaka 35 kutoka kumaliza mpaka kuchapwa. Nilipoisoma habari hiyo nilikiweka kitabu mapajani, nikakaa nacho tu. Najua kidogo kusubiri kunavyofanya mwilini. Lakini mimi kila mwezi ninapewa jibu, hata kama ni lile lile. Yeye alisubiri bila hata kujua kama kuna mtu upande wa pili.

Kisa chenyewe ukikisimulia ni kifupi. Myombekere na Bugonoka wanapendana, hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke. Maneno yanawafikia wazazi wa Bugonoka, wanakuja kumchukua binti yao na kurudi naye kwao. Myombekere anabaki kwenye mji usio na mtu wa kuwasha moto. Njia rahisi ipo wazi: aoe mwingine, na wapo wa kumwambia hivyo. Yeye anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mke wake. Wakwe wanamsikiliza, kisha wanamtoza faini ya pombe ya ndizi.

Hapo ndipo Kitereza anapofanya jambo ambalo riwaya nyingine ingelimaliza kwa sentensi moja. Anakaa kwenye pombe. Unazitafuta ndizi, unazivundika, unasubiri ziive, unatafuta watu wa kukusaidia kukamua, unatafuta vyombo, na kila unayemwendea lazima msalimiane kwanza, akuulize habari za nyumbani, akukaribishe, mle. Kurasa zinakwenda. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimezoea riwaya ambazo mtu akishaamua tu, ukurasa unaofuata ameshafika. Nikaanza kuruka aya. Nikajikuta nimefika mahali sielewi huyu ni nani na ametokea wapi, nikalazimika kurudi nyuma.

Kilichoniokoa ni kukatika kwa umeme. Ulikuwa wakati wa mgao, jioni hakuna televisheni, simu zinatunzwa chaji. Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Anarudi akinuka petroli na ziwa, anaoga, anakula, anajilaza kwenye mkeka. Tangu kidato cha nne hakuwahi kushika kitabu cha hadithi, na sikumlaumu kwa hilo. Nikawa nasoma kwa mwanga wa taa ya sola, kimya kimya, yeye akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia ni kitabu cha mtu wa kwenu. Akasema, "Basi kisome tusikie."

Kwa sauti, kitabu kilikuwa kingine. Salamu zile zilizonichosha zikawa na mwendo wa watu wawili wanaokaribiana. Methali zilizokuwa zimejipanga kama mapambo zikakaa mdomoni mwa mzee anayetafuta njia ya kusema jambo zito bila kumvunjia mtu heshima. Kiswahili cha Kitereza kina Kikerewe ndani yake, na mume wangu alikisikia kabla yangu. Kuna sentensi niliyodhani imekosewa, yeye akacheka kwa furaha akairudia kwa Kikerewe, ikakaa sawa. Na ile pombe ambayo mimi niliiruka, yeye aliifuatilia kama mtu anayehesabu spea za kazi. "Subiri. Hizo ndizi ni za shamba lake zote au ameomba?" Nikarudi nyuma kuangalia. "Na waliomsaidia kukamua anawapa nini?" Kesho yake mchana akanipigia simu kutoka kazini, nikadhani kuna shida. Alitaka kujua kama nimesoma mbele bila yeye.

Nikaanza kuelewa kwa nini kurasa zile ni nyingi. Mtu akisema anampenda mke wake, neno hilo linaisha hapo hapo. Kitereza hamfanyi Myombekere aseme. Anamfanya abebe. Kila mkungu unaohesabiwa, kila jirani anayebembelezwa, ni sehemu ya njia ya kwenda kumchukua Bugonoka, na msomaji anachoka pamoja naye.

Usiku mmoja, mume wangu amelala chali ananisikiliza, nikafika mahali ndugu wanamshauri Myombekere kuhusu mke mwingine. Nikahisi kimya chake kimebadilika. Nikasoma aya moja zaidi, kisha akasema, "Mimi pia niliambiwa." Nikauliza lini. Akasema mwaka juzi, alipokwenda msibani kwao. Walimwita pembeni, wakubwa watatu na mama yake. Binti alikuwa ameshatafutwa. Alikaa na hilo miaka miwili, analala nalo kitanda kimoja na mimi, na mimi sijui. Nikamuuliza aliwajibu nini. "Niliwaambia nina mke." Baada ya hapo hakuongeza neno, na mimi sikuuliza tena. Nilikifunika kitabu. Huko nje watu walikuwa wanapita wanaongea, kuna mtoto analilia soda. Nilimshika mkono, una kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba, tukakaa hivyo mpaka taa ya sola ikaanza kufifia.

Sijui kama angeniambia siku nyingine, kwa njia nyingine. Ninachojua ni kwamba tulikuwa tumejaribu kuongea kwa miaka, kila mara tukiishia kwenye hela ya vipimo au tarehe ya kliniki. Ilibidi mzee wa Ukerewe aliyemaliza kitabu chake mwaka 1945 aweke watu wawili wengine katikati yetu, ndipo tuweze kujizungumzia.

Watu wakitaja riwaya kubwa ya Afrika ya maisha ya kale, wengi wanamtaja Okonkwo wa Chinua Achebe, ambaye Kiswahili kilimpokea kwa jina la Shujaa Okonkwo. Nampenda sana Achebe, na kitabu chake nimekirudia mara tatu. Lakini kilitoka mwaka 1958, wakati Myombekere alikuwa amelala kwenye maandishi ya Kikerewe miaka 13 tayari. Okonkwo anaogopa kuonekana dhaifu kiasi kwamba hofu hiyo inamfanya amuue mtoto anayemwita baba. Myombekere anakwenda kupiga hodi kwa wakwe, anakaa anasikiliza makosa ya ndugu zake kana kwamba ni yake, anakubali faini, anakwenda kuitafuta. Hakuna mzungu katika kisa hiki, hakuna dola inayoanguka. Vita nzima iko baina ya nyumba mbili na ulimi wa ndugu. Naona ajabu kwamba tunamfundisha Okonkwo kwa vijana wetu wa kiume, ambaye hakika anastahili kufundishwa, na huyu mwingine tunamwacha kwenye karatasi ya kaki ya mwalimu mstaafu.

Nisiseme kana kwamba kila kitu kilinipendeza. Kuna mahali msimulizi anasimamisha watu wake ili atueleze desturi, na unahisi kabisa mkono wa mtu anayehifadhi, anaogopa akiruka kitu kitapotea. Nilimsamehe, maana kweli vingepotea. Kuna mahali pengi nilitamani Bugonoka aseme zaidi. Anazungumziwa na ndugu wa mume, anachukuliwa na wazazi, anaombwa na mume, na mimi nilikuwa nimekaa pale nasubiri anieleze yeye usiku ule wa kwanza kwa wazazi wake alilala vipi. Wanawake wa Kezilahabi, aliyekuja baada yake, angalau wanapasuka.

Halafu Bugonoka akapata mimba.

Walikwenda kwa mganga, akatafutiwa dawa, dawa ikafanya kazi. Nilisoma mpaka hapo kwa sauti, nikanyamaza. Mume wangu akauliza kulikoni. Nikasema koo limekauka. Nilikwenda jikoni nikasimama kwenye giza. Mtu mzima nimekasirikia kitabu! Nilihisi nimesalitiwa na rafiki. Tulikuwa wote, mimi na Bugonoka, tumekaa upande mmoja wa mto, sasa yeye amevuka. Nilikuwa na bahasha kabatini yenye majibu ya vipimo vya miaka kumi, nimezunguka na dawa za hospitali na za miti, na mwanamke wa kwenye karatasi amepewa kwa kurasa chache kile kile.

La ajabu ni kwamba jina la kitabu lilikuwa limeshaniambia. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Wako wanne pale jaladani. Nililisoma jina hilo kila jioni kwa miezi, na kila jioni nikajifanya Ntulanalwo na Bulihwali ni majirani au wakwe, watu watakaokuja baadaye na shughuli zao. Sikutaka kujua wao ni nani.

Kitabu kilikaa juu ya kabati miezi miwili. Mume wangu hakunisukuma. Siku nilipokwenda kumrudishia mwalimu, nikamwambia sihitaji juzuu ya pili. Akaniangalia juu ya miwani. Anajua habari zangu, mtaa mzima unazijua. Hakunipa nasaha yoyote, namshukuru. Alianza kunieleza habari za Kitereza, kana kwamba anabadilisha mazungumzo: kwamba alikuwa na mke anaitwa Anna, kwamba nyumba yao haikubaki na mtoto, na kwamba yeye hakumwacha.

Nilisimama pale na kitabu mkononi.

Kwa hiyo mtu huyu aliandika usiku baada ya usiku jinsi Bugonoka alivyopata mtoto, na Anna yuko chumba cha pili. Sijui kama alimsomea. Tangu siku ile ninamwona akimsomea, siwezi kujizuia. Anafika kwenye mimba, sauti haitetemeki, na Anna anasikiliza mwanamke mwenzake akipewa. Nilichokiona kama usaliti kilikuwa kimetoka kwenye nyumba kama yangu. Alikuwa na uwezo wa kumpa Bugonoka, na akampa, kwa ukarimu wote, na dawa na wageni na sherehe, tena sio mmoja, wawili. Nikaondoka na juzuu ya pili.

Juzuu hiyo inamfuata zaidi Ntulanalwo anavyokua. Ina mambo mengi, na nitakuwa mwongo nikisema ilinishika kama ya kwanza. Tuliisoma kwa raha, kwa vipande, wakati mwingine mume wangu akilala katikati. Moyo wangu ulikuwa umebaki kwenye zile ndizi.

Mwezi wa sita mama mkwe alikuja kutoka Ukerewe kutibiwa macho. Alikaa kwetu wiki tatu. Ni mwanamke mwenye mikono mikubwa ambaye hakai bila kazi, jioni alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo hata kama nimeshawachambua. Mimi na yeye tunaheshimiana, tunaongea habari za mvua na bei ya mafuta. Nilikuwa sasa najua kilichosemwa kule msibani, na yeye hajui kwamba najua. Siku ya tatu mwanawe akamwambia kwamba kuna kitabu cha Ukerewe humu ndani. Akataka kusikia. Macho yake hayaoni herufi, hata kabla ya ugonjwa hayakufundishwa. Akataka kianzishwe mwanzo.

Mwanzo, kama nilivyoeleza, ni ndugu wa mume wanamsema Bugonoka.

Nilisoma. Sikupunguza neno na sikuongeza sauti. Mume wangu alikuwa anatazama dari. Mikono ya mama ilikuwa inakwenda kwenye ungo, dagaa huku, takataka kule, kisha ikawa inakwenda polepole, kisha ikatulia juu ya ukingo wa ungo. Nilifika mwisho wa sura nikanyanyua macho. Alikuwa ananitazama, au anatazama upande wangu, kwa macho yale yenye ukungu. "Huyo aliyeandika," akasema, "ni wa ukoo gani?" Mume wangu akamwambia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye dagaa. "Endelea."

Jioni zilizofuata alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka. Ukweni alipenda, alitabasamu kwenye salamu, zile zile zilizonichosha mimi, akizijibu chini chini kabla sijazimaliza. Tulipofika kwenye pombe akawa mwalimu wetu. Ndizi zinavundikwa shimoni, akaeleza, na majani ya mgomba makavu, na moshi, na usipozifunika vizuri zinaiva upande mmoja. Nyasi za kukamulia lazima ziwe ngumu. Unga wa mtama ukaangwe kwanza. Alipokuwa msichana alikanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa mti mpaka miguu ikawa inanata siku mbili. Alicheka aliposema hivyo, akajifunika mdomo, na kwa mara ya kwanza nikamwona alivyokuwa kabla hajawa mama wa mtu.

Usiku wa mwisho kabla hajapanda feri, mkoba wake ulikuwa tayari mlangoni na kitambaa cha jicho kimebadilishwa. Bado ndizi zilikuwa hazijakamuliwa zote. Akaniuliza, bila kunitazama, kama hawa watu mwisho wake wanapata mtoto.

Nikamwambia, "Bado tuko kwenye pombe, mama."

Akausogeza mkeka karibu na taa.

"Basi soma polepole," akasema.